Kusikilizana Ndani ya Ndege Ndogo

Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipokuwa yakiwafukuza Wajerumani kwenye Reli ya Kati hadi yakatwaa Kilosa na Morogoro, kikosi cha 26 cha anga cha Uingereza kiliyasaidia kwa ndege za BE2c. Mpelelezi aliketi mbele, rubani nyuma yake, na ngurumo ya injini ikameza kila neno. Walielewana kwa ishara za mikono na vikaratasi.

Mwaka uliofuata, huko Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry alileta mpira wa kuzungumzia: mwalimu anasema upande mmoja, sauti inapita hadi masikioni mwa mwanafunzi. Mpira huo ulitumika miaka mingi katika ndege za mafunzo, zikiwemo Gipsy Moth, aina ambayo Florence Kerr Wilson alianzia shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929. Haukutumia umeme, basi haukuwa na cha kugombana nacho.

Ugomvi ulikuja na umeme. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilitumia vipaza sauti vya chembe za kaboni. Kaboni haizalishi umeme. Hupewa mkondo mdogo na redio, na sauti ya msemaji huutikisa mkondo huo. Plagi zilikuwa mbili: ya masikioni yenye unene wa milimita 6.3, na ya kipaza sauti, nyembamba zaidi, milimita 5.2. Ndege za kiraia zikazirithi. Kaboni ilikuwa na kasoro zake: chembe zilishikamana, na rubani akalazimika kukigonga kipaza sauti chake ili kizinduke. Lakini badala ya kubadili redio zote, watengenezaji waliunda vipaza sauti vipya vinavyojifanya kaboni, vikila mkondo uleule kupitia plagi ileile. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio uliotuachia raha na taabu zote zilizofuata.

Majeshi baadaye yakashika njia nyingine. Kipaza sauti chao kina ukinzani wa omu 5 hivi na hakihitaji mkondo. Spika zao za masikioni ni kati ya omu 8 na 20, wakati za kiraia huanzia 150 hadi 600. Chomeka hedifoni ya kijeshi katika Cessna 172 ya mafunzo: sauti ya mvaaji inatoka hafifu mno, na spika zake zinavuta nguvu yote hata mwenzake naye hasikii vizuri. Kubadili plagi tu hakutibu. Inatakiwa adapta yenye kikuza sauti upande wa mdomo na transfoma upande wa masikio.

Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania, enzi ambayo ndege ndogo nyingi bado zilikuwa na kipaza sauti cha mkononi na spika darini. Hedifoni za stirio zilipoenea baadaye, zilileta shida yao: ukichomeka moja katika intakomu (mtambo wa mazungumzo ndani ya ndege) ya mono, sikio moja linaweza kunyamaza. Geuza swichi yake iwe mono. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi hutokana na soketi inayogusa bati la ndege. Washa ya kuhami, yaani kipete kisichopitisha umeme, huumaliza. Fundi makini hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwanza hedifoni, halafu kiti, ndipo aguse nyaya.

Katika uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, wanyama hukatiza njia ya kutua. Mwalimu akisema "usitue, panda!", neno hilo halina nafasi ya kurudiwa. Ewe mwanafunzi wa urubani, kabla ya kununua hedifoni iliyotumika, uliza kama ni ya kiraia au ya jeshi, kisha ijaribu na mwalimu wako mkiwa bado chini, injini ikinguruma.