Mkono, Sikio na Mnyororo

Apigaye udi hana alama ya kumwonyesha sauti ilipo. Shingo ya udi ni laini tangu juu hadi chini. Kidole hutua pale sikio linapokiagiza kitue, na kikikosea kwa upana wa unywele, sikio hukirudisha kabla msikilizaji hajatambua. Gita ni kinyume chake. Shingo yake imekingamishwa vipande vya chuma, na kila kipande kimekwisha kumkatia mpigaji shauri. Ala zote mbili huimba, wala hakuna haja ya kuzipambanisha. Lakini elimu iliyomo katika muziki wake haikai mahali pamoja: kwenye udi imo mkononi, na kwenye gita sehemu yake imehamia ndani ya ala.

Mgawanyiko kama huo umepata kutokea katika historia ya baiskeli, tena kwenye kifaa kisichozidi urefu wa kidole. Nacho ni wenzo wa gia uliofungwa kwenye bomba la chini la fremu, lile linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye ekseli ya pedali. Kisa cha wenzo huo ni kisa cha ubishi mrefu: ni kiasi gani cha kazi mwanadamu akiachie chombo, na ni kiasi gani akibakishe mikononi mwake, hasa anapokuwa safarini, mbali na kwao.

Msomaji aliyezoea baiskeli nzito ya gia moja, ile ibebayo nazi, majani ya ng'ombe na abiria, anahitaji maelezo machache. Baiskeli ya gia nyingi huwa na vigurudumu kadhaa vya meno kwenye gurudumu la nyuma, vikubwa na vidogo, vimepangwa ubavu kwa ubavu. Mnyororo ukikaa juu ya kikubwa, pedali huwa nyepesi na mlima hupandika; ukikaa juu ya kidogo, pedali huwa nzito na mwendo huongezeka. Kifaa cha kuusukuma mnyororo kutoka kimoja hadi kingine hukaa chini ya vigurudumu hivyo, nacho huvutwa na waya mwembamba wa chuma na kurudishwa na springi. Ncha ya pili ya waya imefungwa kwenye wenzo.

Mwanzoni hapakuwa na wenzo wala waya. Washindani wa zamani walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakalegeza nati, wakaligeuza gurudumu, wakalikaza, ndipo wakaendelea. Aliyeona kwamba msafiri anastahili zaidi ya hayo alikuwa mfanyabiashara wa hariri wa mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Mwaka 1887 alianzisha jarida la waendesha baiskeli, na humo aliandika kwa jina la Vélocio. Mji wake umezungukwa na milima. Akawa anaijaribu milima hiyo mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa gia za kila namna, huku akiandika aliyoyaona. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: nguvu za mtu ni zilezile, njia ndiyo inayobadilika, basi na chombo kibadilike pamoja na njia.

Hoja hiyo haikupokewa kwa mikono miwili. Mwaka 1902 chama cha wasafiri cha Touring Club de France kiliandaa majaribio ya baiskeli za gia milimani, na miongoni mwa waliopanda ni mwanamke aitwaye Marthe Hesse, juu ya baiskeli ya Gauloise yenye gia tatu. Safari yake ilizua mjadala mkubwa. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo ambaye mwaka uliofuata alianzisha mbio za Tour de France, alijibu kwa kejeli kwamba gia za kubadilisha zinawafaa watu waliokwisha kuvuka umri wa miaka arubaini na mitano, na kwamba kushinda kwa misuli ni bora kuliko kushinda kwa hila ya mtambo. Na kwa kuwa mashindano yalikuwa yake, neno lake lilikuwa sheria. Vihamisha mnyororo havikuruhusiwa katika Tour de France hadi mwaka 1937, baada ya Desgrange kukabidhi uongozi kwa Jacques Goddet. Vélocio hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1930.

Yafaa kisa hicho kikumbukwe, kwa sababu kina funzo litakalorudi mbele. Wenzo ambao leo wapenzi wake wanausifu kuwa ni alama ya uendeshaji wa kweli ulianza maisha yake ukitukanwa kuwa ni ulegevu.

Mahali pa kuuweka wenzo nako kulitafutwa. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Tullio Campagnolo, ya Vicenza nchini Italia, ilitengeneza gia zilizoendeshwa kwa fito mbili zilizopanda kando ya gurudumu la nyuma. Mshindani alilazimika kupeleka mkono nyuma ya paja, alegeze ekseli ya gurudumu huku akienda, ahamishe mnyororo kwa fito ya pili, kisha akaze tena. Kwa aliyekuwa na ustadi lilikuwa jambo la kustaajabisha. Kwa asiyekuwa nao lilikuwa jambo la hatari. Mwaka 1949 Campagnolo alionyesha kifaa kipya, Gran Sport, kilichohamisha mnyororo kwa kujikunja na kujinyoosha kama msambamba wenye bawaba nne, na amri yake ilitoka kwenye wenzo wa bomba la chini. Mpango huo ulienea, na kwa miongo kadhaa ukawa ndio kawaida ya baiskeli za mashindano, na baiskeli nyingi za safari zikaufuata.

Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Waya hushuka kutoka kwenye wenzo ukiwa wazi, umenyooka, na huingia ndani ya ala fupi karibu na gurudumu la nyuma tu. Kwa hiyo haupotezi nguvu njiani, haufichi kutu yake, na ukikatika hubadilishwa kwa muda mfupi na mtu yeyote mwenye bisibisi na koleo.

Ndani ya wenzo wenyewe hamna siri. Mna washa chache na skrubu yenye kipete cha kushikwa kwa vidole. Springi ya nyuma huuvuta waya wakati wote, ikitaka kuurudisha mnyororo kwenye kigurudumu kidogo; washa zilizokazwa husuguana na kuuzuia wenzo usifuate mvuto huo. Ndiyo maana unaitwa wenzo wa msuguano. Hauna vituo. Hausemi “hapa ni gia ya tatu”. Mwendeshaji huuvuta hadi asikie mnyororo unapanda, kisha husikiliza. Ukikwaruza, ina maana haujatua sawasawa baina ya meno. Huusogeza kidogo, mbele au nyuma, hadi kelele inyamaze. Wenzo wa kushoto, unaohamisha mnyororo mbele, huhitaji usikivu huohuo, kwani kila gia ya nyuma inapobadilika mnyororo hukaa upande mwingine kidogo, na mkono huurekebisha kwa upana wa ukucha.

Ufundi huo hujifunzwa kwa siku chache na hukomaa kwa miaka. Nao ulirahisishwa sana na kampuni ya Maeda ya Osaka, Japani, iliyotumia jina la SunTour. Mwaka 1964 mafundi wake waliuinamisha ule msambamba wa Campagnolo, ili kihamisha kiufuate mteremko wa vigurudumu, kikae karibu na kila kimoja kwa umbali unaokaribiana. Hati yao ya kumiliki uvumbuzi ilikwisha muda wake mwaka 1984. Mwaka huohuo Shimano, kampuni nyingine ya Japani, ilitoa katika seti yake ya Dura-Ace wenzo wenye vituo, ukishirikiana na kihamisha kilichoinamishwa namna hiyohiyo. Kila mlio mmoja wa wenzo ulivuta waya kwa kipimo maalumu, na kila kipimo kililingana na nafasi baina ya kigurudumu na jirani yake. Majaribio ya namna hiyo yalikuwapo kabla, lakini hili ndilo lililofaulu. Sikio likapewa likizo. Mwaka 1990 Shimano ikahamishia amri za gia kwenye breki zenyewe, na baada ya hapo bomba la chini likaanza kubaki tupu.

Ni haki kusema kwamba haya yalikuwa maendeleo. Mwenye wenzo wa bomba la chini lazima auachie usukani mkono mmoja na kuinama kidogo, na baiskeli iliyosheheni mizigo mbele huyumba wakati huo. Akiwa amesimama juu ya pedali mlimani, karibu haiwezekani. Skrubu ikilegea, wenzo huteleza wenyewe, na mnyororo hushuka kwenye kigurudumu kidogo katikati ya mlima, pale hasa panapohitajika kikubwa. Baadhi ya wasafiri waliamua kati kwa kati: waliuhamishia wenzo uleule wa msuguano kwenye ncha za usukani, mkono usilazimike kuondoka.

Hata hivyo kuna wasafiri wa mbali ambao hawakuuacha, na sababu zao si za kutamani ya kale. Wenzo wenye vituo hudai kila kitu kiwe sawa: idadi ya vigurudumu, nafasi baina yao, urefu wa waya, unyoofu wa kile kipande cha fremu kinachobeba kihamisha. Baiskeli ikianguka kutoka juu ya paa la basi na kipande hicho kikapinda kwa milimita chache, vituo huanza kusema uongo. Wenzo wa msuguano haukuahidi kitu, kwa hiyo hauvunji ahadi. Mkono hujua kwamba gia ya nne sasa imesogea kidogo, basi. Gurudumu la nyuma likiharibika katika mji mdogo, na lililopatikana dukani likawa na meno ya kampuni nyingine, wenzo huo hulikubali. Na baiskeli inapofunguliwa ili iingie ndani ya kasha la ndege, usukani hung'olewa ilhali nyaya za gia zimebaki zilipo. Shimano wenyewe walilitambua hilo: nyenzo zao za mwanzo zenye vituo zilikuwa na kipete ambacho, kikizungushwa, huvifuta vituo na kuurudisha msuguano. Waliojenga gita waliiachia nafasi ya kugeuka udi.

Lakini hadhari ya msafiri nayo hubadilika na zama. Mwaka 1963 mwandishi wa Ireland, Dervla Murphy, alisafiri kwa baiskeli kutoka kwao hadi India. Kabla ya kuondoka aliziondosha gia tatu za baiskeli yake, kwa kuwa alizihofia kuwa ni dhaifu mno kwa barabara za Asia. Miaka mingi baadaye alipanda baiskeli tena kutoka Kenya hadi Zimbabwe, safari iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1993 ambacho jina lake limebeba neno letu la Kiswahili, The Ukimwi Road. Kile ambacho msafiri wa mwaka 1963 alikiona ni kitu cha kuvunjika, msafiri wa miaka ya baadaye amekiona ni kitu cha kutegemewa. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni kile kinacholinganishwa nacho.

Hapo ndipo kejeli ya Desgrange inapofaa kurudiwa. Yeye alidhani thamani ya safari imo katika ugumu wake, na kila kinachopunguza ugumu kinapunguza utu. Wapo leo wanaosema vivyo hivyo juu ya nyenzo za vituo na zile za umeme, wakiushika wenzo wa msuguano kana kwamba ndio dini ya mababu. Hao wamemrithi Desgrange pasi na kujua, ilhali wanadhani wamemrithi Vélocio. Vélocio hakupenda taabu. Alichopenda ni mtu afike: avuke mlima kwa nguvu zake mwenyewe, kwa chombo anachokielewa, na jioni awe na pumzi ya kuyatazama aliyoyajia.

Kwa kipimo hicho wenzo wa bomba la chini hauhitaji kutukuzwa wala kuonewa haya. Anayekwenda kazini asubuhi katika mji wenye mafundi kila pembe hana dhambi akitumia vituo. Anayekwenda mahali ambapo fundi wa karibu ni yeye mwenyewe ana sababu ya kuiweka elimu ya gia katika mkono wake, kwani mkono haupindi njiani na wala hausubiri kipuri kutoka ng'ambo. Wahenga walisema kawia ufike. Msafiri wa namna hiyo hukawia kidogo kila anapobadilisha gia, sikio likiwa chini, vidole viwili juu ya wenzo, mpaka mnyororo unyamaze.