Je, hisa ni DECI nyingine?

Niko Nyandira, Mgeta, nilikokuja kumsalimia mjomba. Jana tukijaza karoti kwenye magunia akaniuliza: "Eti mwanangu, hizo hisa mnazozisema mjini si ndiyo DECI nyingine?"

Sikucheka. Vyote viwili viliwahi kugonga hodi kwa Watanzania. DECI iliwaambia watu "wapande mbegu" wavune maradufu. Ikafungwa mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata, basi. Mwaka 2009 huohuo CRDB iliuza hisa kwa umma, Sh150 kila moja, na Juni zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL.

"Sasa bei ikishuka, nani kala hela yangu?"

Hapo ndipo penyewe! Hakuna aliyekula. Kipande chako cha benki kiko palepale, ila wanunuzi wa siku hiyo wanakitaka kwa bei ndogo, kama madalali wanavyoizodoa kabichi yenu ikijaa sokoni. Mwaka 2019 hisa ya CRDB ilikuwa chini ya Sh150. Mwaka 2024 ilivuka Sh500. Aliyebanwa na ada ya mtoto mwaka 2019 aliuza kwa hasara, na hakuibiwa na mtu.

Mjomba akafunga gunia, akauliza kama hiyo TOL bado ipo sokoni. Ipo.