Mnara wa Eddystone na Chokaa Isiyoogopa Maji

Watu wengi hudhani kwamba saruji huwa ngumu kwa sababu imekauka, kama ukuta wa udongo ukaukavyo juani. Ukipita Limuru au Kinangop mwezi wa Julai, ukungu umetanda na manyunyu hayakatiki, huenda ukamsikia mwenye nyumba akinung'unika kwamba sakafu yake haitakauka kamwe. Fundi mwenye ujuzi hababaiki. Yeye hutandika magunia juu ya sakafu ile, na jua likichomoza huyamwagia maji. Je, msomaji, umepata kujiuliza kwa nini? Jibu lilitafutwa zamani mahali pabaya mno kwa ujenzi, juu ya mwamba ulio katikati ya bahari, kusini-magharibi ya Uingereza.

Mwamba huo huitwa Eddystone, nao uko kilomita 22 hivi kutoka Plymouth. Maji yajaapo karibu wote hufunikwa, na merikebu nyingi zilivunjika hapo. Mtu wa kwanza kujenga mnara wa taa juu yake alikuwa Henry Winstanley, ambaye taa yake iliwashwa mwaka 1698. Yasemekana aliuamini mnara wake hata akatamani awemo ndani siku ya tufani kubwa kuliko zote. Tufani hiyo ilivuma usiku wa Novemba mwaka 1703, naye alikuwamo. Kulipopambazuka hapakuonekana mnara wala mjenzi.

Mnara wa pili, kazi ya John Rudyerd, ulijengwa zaidi kwa mbao, ukasimama kwa miaka arobaini na zaidi mpaka ulipoungua Desemba mwaka 1755. Mlinzi mmoja, Henry Hall, mzee wa miaka 94, alikuwa akirusha maji juu kuuzima moto, kinywa wazi, risasi iliyoyeyuka kutoka paani ikamwingia kooni. Aliposema hivyo hakuaminiwa. Alikufa siku chache baadaye, na daktari akakuta kipande cha risasi tumboni mwake. Kipande hicho kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho huko Scotland.

Ndipo kazi alipopewa John Smeaton, aliyezaliwa mwaka 1724 karibu na mji wa Leeds. Hakuwa mwashi kwa asili. Alianza kwa kutengeneza vyombo vya kupimia, na nadhani jambo hilo lilimfaa kuliko angalikuwa mwashi, maana alizoea kupima kabla ya kusadiki. Alikata shauri mnara uwe wa mawe matupu, kila jiwe lichongwe lishikane na jirani yake kama seremala aungavyo pembe za sanduku. Lakini mawe yataka kitu cha kuyagandamanisha, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Chokaa ya kawaida twaijua sana katika pwani yetu. Matumbawe yalichomwa juu ya kuni, yakawa chokaa, na kwa chokaa hiyo yakajengwa majumba ya Gede na kuta za Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593. Chokaa ya namna hii hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani. Izamishe majini ingali mbichi, nayo itabaki uji, kwa kuwa hewa haiifikii. Walakini huko Eddystone wimbi lilirudi juu ya kazi kila maji yalipojaa, kabla waashi hawajamaliza kukusanya zana zao!

Mwaka 1756 Smeaton alianza kuijaribu chokaa ya kila namna. Aliifinyanga iwe madonge madogo, akayatumbukiza majini, akangoja aone lipi litayeyuka na lipi litakaza. Tangu zama za Warumi watu walishika kwamba jiwe gumu zaidi ndilo litoalo chokaa yenye nguvu zaidi. Smeaton aliona si hivyo. William Cookworthy, mtaalamu wa madawa wa Plymouth, alimfundisha kuyeyusha mawe ya chokaa katika tindikali na kutazama mashapo yake. Mawe yaliyobakisha udongo wa mfinyanzi ndiyo yaliyotoa chokaa ya kukaza majini. Ule udongo uliodhaniwa kuwa uchafu ndio uliokuwa siri yenyewe: ukichomwa pamoja na chokaa, mchanganyiko huo huungana na maji ukawa kitu kipya kigumu. Basi maji si adui wake, bali ni chakula chake.

Akachagua chokaa ya Aberthaw, katika nchi ya Wales, akaichanganya nusu kwa nusu na majivu ya volkeno kutoka Italia, ambayo Warumi waliyatumia kujengea bandari zao. Baharini walifanya kazi majira ya joto tu. Wakati wa baridi walichonga mawe nchi kavu. Dhoruba peke yake zilitosha kuwafukuza, lakini baridi nayo ni adui wa kazi hii. Baridi ikizidi, muungano wa saruji na maji hupungua mwendo, na maji yakiganda kuwa barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, yakaipasua saruji mbichi kutoka ndani. Kwa hiyo fundi wa Kinangop huogopa sakitu ya usiku kuliko manyunyu ya mchana.

Taa iliwashwa tarehe 16 Oktoba 1759, kwa mishumaa 24. Mwaka 1824 mwashi mwingine wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya serikali kwa saruji aliyoiita Portland, kwa kuwa ilifanana na mawe ya huko. Wengine waliitengeneza zaidi baadaye kwa kuichoma katika moto mkali kuliko wake. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikitumia mawe ya matumbawe kama waashi wetu wa kale.

Mnara wa Smeaton haukuvunjwa na bahari. Mwamba wenyewe ndio ulioliwa na mawimbi chini yake, hata mnara ukawa ukitikisika. Mwaka 1882 mnara mpya ulianza kazi kando yake, na sehemu ya juu ya ule wa zamani ikabomolewa jiwe kwa jiwe, ikajengwa tena mjini Plymouth. Sehemu ya chini iliachwa, nayo ingali imesimama juu ya mwamba ule, ikipigwa na maji.