Kungoja Miaka Hamsini na Miwili

Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu, wanachuo wengi walikijua kigawe kidogo cha shirika kwa kazi moja tu: kutafuta asili moja ya kujumlishia sehemu. Lakini kuna taifa zima lililoishi chini ya hesabu hiyo, tena kwa hofu.

Waazteki wa Meksiko walikuwa na kalenda mbili zilizokwenda sambamba. Ya ibada na kupiga ramli ilikuwa na siku 260. Ya mwaka wa jua, siku 365. Je, zikianza pamoja leo, zitaanza pamoja tena lini?

Mwenye haraka atazidisha 260 kwa 365 apate siku 94,900, yaani miaka 260. Hapo kweli zitakutana, ila si mara ya kwanza. Namba zote mbili zinagawanyika kwa 5. Gawa 94,900 kwa 5, utapata 18,980, yaani miaka 52. Miaka 260 hakuna aishiye. Miaka 52 mtu aweza kuiona.

Euclid, yapata mwaka 300 K.K., alieleza njia yake katika kitabu cha saba cha Elements. Rahisisha uwiano wa 260 kwa 365 uwe 52 kwa 73, kisha zidisha kwa kupishana: 260 mara 73, au 365 mara 52. Yote ni 18,980. Waazteki hawakumsoma Euclid. Walifika huko kwa kuhesabu siku.

Kila miaka hiyo 52 ilipotimia, mioto yote ilizimwa. Watu walikaa gizani wakihofu kwamba jua halitachomoza tena. Makuhani walipanda kilimani kutazama Kilimia. Nyota hizo zilipopita utosini, moto mpya ulipekechwa juu ya kifua cha mtu aliyetolewa kafara, ukasambazwa nyumba kwa nyumba. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1507. Zamu iliyofuata ingekuwa 1559, lakini Wahispania walikwisha kuuteka mji wao mwaka 1521.

Hofu ile imepita, hesabu imebaki. Namba mbili zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1 hazina budi kungojana mpaka zao lao lote litimie. Zenye kigawo kikubwa zaidi hukutana mapema. Mwalimu anayeanza somo hili, na aanze na swali la kukutana. Kanuni itafuata, na mtoto atajua inatafuta nini.