Matombo, 1955: Matuta na Akili ya Mkulima

Mwezi wa Julai mwaka 1955, kule Matombo, katika milima ya Uluguru, umma wa wakulima ulikabiliana na serikali ya kikoloni. Polisi walifyatua risasi na mtu akauawa. Chanzo cha yote hayo kilikuwa matuta.

Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, uliotekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulikusudia kuzuia mmomonyoko. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na mkaidi aliadhibiwa. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Milima ile ndiyo chemchemi ya mto Ruvu, ambao leo hunywesha Dar es Salaam. Lakini udongo wa juu wa Uluguru ni mwembamba. Ukikata ngazi pana katika mteremko mkali, wafukua udongo wa chini usio na rutuba, na ule mwema waufukia. Mahindi juu ya ngazi zile yalidhoofu. Aidha, ardhi ilikuwa ya ukoo, tena ukoo wa upande wa mama, na wengi walilima kwa kuazima. Ngazi ni alama ya kudumu, na alama ya kudumu huzaa dai la umiliki. Nani basi angemruhusu mwazima aichimbe?

Watawala wengi hawakuyaona hayo. Walichokiona ni kitendo: watu wamegoma, basi ni wakaidi, au wamechochewa na wanasiasa wa TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Na saikolojia ya zama zile, hasa ya Marekani, ilikuwa na macho hayo hayo. Tangu John B. Watson alipotoa wito wake mwaka 1913, wataalamu wengi waliamini kwamba elimu ya nafsi haina budi kushughulikia tabia inayoonekana peke yake: kichocheo na mwitikio, thawabu na adhabu. Kilichomo akilini kilihesabiwa kuwa hakichunguziki. Haikumlazimu afisa kilimo amsome Watson ndipo afikiri hivyo. Faini ilitosha kuwa mwalimu wake.

Mwaka mmoja baada ya ghasia za Matombo, Septemba 1956, wataalamu walikutana Massachusetts, miongoni mwao George Miller na Noam Chomsky. Wengi huhesabu mkutano huo kuwa kuzaliwa kwa saikolojia ya utambuzi, yaani elimu ya namna akili inavyopokea habari, inavyoipanga, inavyoihifadhi na kuitumia. Ulric Neisser aliipa jina hilo katika kitabu chake cha 1967. Hata hivyo, Mwingereza Frederic Bartlett alikwishatangulia: katika kitabu cha 1932 alimtaja mchungaji wa Kiswazi aliyewakumbuka ng'ombe walionunuliwa muda mrefu nyuma, alama zao na bei zao, karibu bila kosa. Kumbukumbu, kwa Bartlett, hufuata kile ambacho maisha ya mtu yamekipa uzito.

Afrika Mashariki ilikuja kuongeza ushahidi wake, na uliotia fora ulitoka Usenge, Kenya. Utafiti wa Robert Sternberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, uliwauliza watoto wa Kijaluo kuhusu dawa za mitishamba. Waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Mtihani wa darasani peke yake ungewaita wajinga. Kisha huko Bagamoyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watoto walipimwa, wakafunzwa kidogo, wakapimwa tena, alama zikapanda. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimewanyima haki.

Laiti mtu angewauliza wazee wa Matombo kwa subira namna hiyo! Wangemweleza habari za udongo na mwazima. Baada ya risasi, mpango uliachwa. Waluguru walikuwa na njia yao wenyewe: kukwatua majani, kuyalaza mistari mistari kukata mteremko, kisha kuyafunika kwa udongo wa juu, huo huo uliozikwa na ngazi za serikali.