Mwanafunzi wa uhandisi kwenda ng'ambo: makubaliano huwa ni yapi?

Chuo kikitangaza kwamba kimetia saini ushirikiano na chuo cha Ulaya au Asia, picha huwa ni ile ile: wakuu wawili wameshikana mikono, bendera mbili mezani, na maafisa wamejipanga nyuma kwa suti. Mzazi wa Kisauni au Likoni akiiona, hudhani mwanawe aliye mwaka wa tatu wa uhandisi amefunguliwa njia. Mara nyingi bado. Kilichotiwa saini ni hati ya maelewano, yaani ahadi ya vyuo viwili kuendelea kuzungumza. Haitaji somo hata moja, haitaji karo, wala haisemi nani atalipa nauli.

Hatusemi hati hizo hazina maana, kwa sababu kila ushirikiano uliofaulu ulianza na karatasi kama hiyo. Lakini kati ya karatasi na kijana aliyekaa darasani Lyon au Dar es Salaam pana kazi nyingi ya ofisini, na kazi hiyo haipigwi picha.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani huitwa kwa jina moja la skolashipu. Mabadilishano yenyewe ni pale mwanafunzi anapobaki wa chuo chake, analipa karo kwao, anakwenda kusoma muhula au mwaka mmoja kwingine bila kulipa karo huko, kisha anarudi na masomo aliyofaulu yanaandikwa kwenye matokeo yake kana kwamba aliyasoma nyumbani. Nafasi anayoichukua hulipiwa na nafasi ya mwenzake wa huko anayekuja huku. Shahada mbili ni makubaliano mazito zaidi: vyuo viwili hugawana miaka ya masomo, na mwanafunzi huhitimu kwa vyote viwili. La tatu ni kwenda kusomea shahada nzima nje kwa pesa zako au za mfadhili, na hapo hakuna kinachobadilishanwa. Wakenya waliopelekwa Beijing Jiaotong University kusomea uhandisi wa reli kuanzia 2016, kwa gharama ya kampuni ya CRBC iliyojenga reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, wako katika fungu hili la tatu. Walipata elimu nzuri na kazi ilikuwa ikiwangoja. Lakini ule ulikuwa mpango wa mjenzi kupata wa kuitunza reli yake, na chuo cha Kenya hakikuwa upande wa pili wa makubaliano.

Utaratibu wa mabadilishano ulikomazwa Ulaya. Mpango wa Erasmus ulianza 1987 ukiwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244. Pesa zilikuwepo, kilichosumbua ni hesabu. Somo la themodinamiki lililofundishwa Ujerumani lina uzito gani likifika Italia? Mwaka 1989 yakaanza majaribio ya kipimo cha pamoja cha krediti: mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, awe darasani, karakanani au anajisomea. Baada ya hapo mhadhiri hakuwa na haja ya kubishana kuhusu jina la somo. Alitazama uzito wake na yaliyomo.

Tangu 2015 mpango huo, ambao sasa ni Erasmus+, unapokea pia wanafunzi wa muda kutoka vyuo vya nje ya Ulaya, vya Kenya vikiwemo. Anayechaguliwa hukaa kati ya miezi 2 na 12, halipi karo kule, na hupewa posho ya kila mwezi pamoja na mchango wa nauli. Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: kijana hawezi kujiombea mwenyewe kama anavyoomba kazi. Lazima chuo chake kiwe na makubaliano na chuo fulani cha Ulaya, na chuo hicho cha Ulaya ndicho huomba fedha. Kama ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chake imelala, alama zake nzuri hazitamfikisha popote.

Ukitaka kuona shule za uhandisi zinavyolipanga jambo hili, nenda Ufaransa. Huko mhandisi husomea shule maalumu, nyingi zikiwa ndogo zikilinganishwa na chuo kikuu, na tume iliyoundwa kwa sheria ya 1934 ndiyo husema shule ipi ina haki ya kutoa cheo cha mhandisi. Tume hiyo hutazama pia mambo ya nje. Mwanafunzi asiyefikia kiwango cha B2 cha Kiingereza hapewi cheo, na shule nyingi zimefanya muhula au miezi kadhaa nje ya nchi kuwa sharti la kuhitimu. Sababu yao ni ya kazi tu. Ndege ya Airbus hutengenezewa mbawa Uingereza, sehemu za mwili Ujerumani, ikaunganishwa Toulouse. Mhandisi asiyeweza kusema na wenzake wa nchi nyingine huyo hafai kiwandani.

Mwaka 1989 École Centrale ya Paris ilianzisha mtandao wa TIME, ambamo shule za uhandisi za nchi mbalimbali hupeana shahada mbili. Sharti lake ni kwamba hupati shahada mbili kwa muda wa moja: unaongeza mwaka au zaidi, na shule zote mbili zinakutahini. INSA ya Lyon ilichukua njia nyingine. Shule hiyo ilifunguliwa 1957, na mmoja wa waasisi wake, Gaston Berger, alizaliwa Saint-Louis, Senegal. Badala ya kungoja mwaka wa nne ndipo mtu asafiri, iliunda madarasa ya miaka miwili ya mwanzo ambamo Wafaransa na wageni huketi pamoja: kwanza wa Ulaya, baadaye wa Asia na wa Amerika ya Kusini. Kijana wa Lyon alikutana na ulimwengu kabla hajapanda ndege. Kwa vyuo vyenye kasha dogo hili ndilo la kuigwa kwanza, ingawa halina picha ya uwanja wa ndege.

Sasa tazama Brazili, kwa sababu nchi ile ilijaribu njia mbili na majibu yakatofautiana.

Njia ya kwanza ni BRAFITEC, iliyoanza 2002 kati ya shule za uhandisi za Brazili na za Ufaransa. Haikuwa kubwa. Idara moja ya Brazili ilikaa na idara moja ya Ufaransa, wahadhiri wakatembeleana, wakapitia silabasi somo kwa somo, kisha wakapeleka wanafunzi wachache kila upande. Wabrazili walikwenda, Wafaransa walikuja. Kila mmoja alilipa kwao, na masomo yalitambuliwa kwa sababu aliyetakiwa kuyatambua ndiye aliyekuwa ameyachagua.

Njia ya pili ilikuja 2011, wakati wa Rais Dilma Rousseff, kwa jina la Sayansi Bila Mipaka. Lengo lilikuwa skolashipu 101,000, uhandisi ukiwa mbele katika orodha. Serikali ilitaka kwenda kasi. Wanafunzi waliomba moja kwa moja kwa mashirika ya serikali, wakapangiwa vyuo kupitia mawakala wa nchi za nje, na serikali ikalipa karo kule kwa bei ya mgeni. Idara zao za nyumbani hazikuwa na sauti kubwa. Wengi waliporudi waliambiwa masomo waliyosoma hayalingani na yale ya kwao, wakayarudia. Serikali ililipia mwaka mzima, na kijana akachelewa mwaka mzima.

Lugha nayo ikawa kizingiti. Vijana wengi walichagua Ureno ili wasitahiniwe kwa lugha ya kigeni, mpaka 2013 serikali ikaiondoa Ureno katika orodha ya shahada ya kwanza. Mpango wa kuwafundisha Kiingereza uliundwa mwishoni mwa 2012, wakati makundi ya kwanza yalikuwa yameshaondoka. Mwaka 2014 baadhi ya waliopelekwa Kanada na Australia waliitwa warudi kwa kutofikia kiwango cha lugha. Fedha za nchi zilipopungua, skolashipu za shahada ya kwanza zikasimamishwa. BRAFITEC, ambayo hakuna mwanasiasa aliyeisimulia jukwaani, iliendelea.

Si haki kusema ule mpango mkubwa haukumfaa mtu. Maelfu ya vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kuwa na pasipoti waliona maabara na viwanda. Hoja yetu ni kwamba pesa zilitangulia makubaliano, na pesa haziwezi kukaa na mkuu wa idara kupitia silabasi.

Na sisi huku Pwani tuna nini cha kubadilishana? Swali hili huulizwa kwa unyonge, kama kwamba mgeni hawezi kuja kusoma uhandisi Mombasa. Historia yakataa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1951. Mfuko wake ulichangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Bohora na serikali ya kikoloni, na iliundwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima, si wa kisiwa hiki peke yao. Ilipokuwa taasisi ya ufundi 1966, kisha politekniki 1972, ikawa shule ya taifa. Tangu 2013 ni chuo kikuu kamili. Mlango uliotazama nje ulijengwa pamoja na nyumba.

Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi kutoka nchi ya baridi anajua saruji inavyopasuka kwa barafu. Hajui chumvi ya bahari inavyopenya ukutani ikala vyuma mpaka dari ikaanza kumwagika vipande, jambo ambalo mwenye nyumba yeyote wa karibu na bahari hapa alijua kwa hasara. Anayesomea bandari atapata Kilindini inayofanya kazi usiku na mchana, na Lamu ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa 2021. Anayependa majengo ya kale ana mji wa Lamu na Fort Jesus, yote mawili katika orodha ya urithi wa dunia, na mafundi ambao bado wanajua chokaa na boriti. Haya ni masomo. Kinachokosekana ni kuyaandika kama masomo: yana saa ngapi, nani anafundisha, mtihani ni upi, mgeni atalala wapi na kibali chake cha mwanafunzi kitashughulikiwa na nani. Bila maandishi hayo mgeni ataletwa kama mtalii wa wiki mbili, na nafasi aliyopaswa kumwachia mtoto wetu kule haitapatikana.

Tena ng'ambo si lazima iwe Ulaya. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubaliana 2012 kutambuana kitaaluma, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala lina kazi ya kuvilinganisha vyuo vyenyewe. Kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam ni safari ya basi, na mwanafunzi wetu akifika hana haja ya mtihani wa lugha. Ajabu ni kwamba njia hii fupi ndiyo hutajwa kwa uchache.

Kuna mawili zaidi ambayo familia iyapime. La kwanza ni kalenda. Mgomo wa wahadhiri kama ule wa 2024 husukuma muhula mbele, na chuo cha mwenyeji hakingoji: mwanafunzi atakosa mitihani ya huku au mwanzo wa masomo ya kule. Idara iseme mapema mitihani iliyomponyoka ataifanya lini. La pili ni kazi ya baadaye. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, anayetaka kuitwa mhandisi Kenya sharti asajiliwe na Bodi ya Wahandisi. Shahada ya uhandisi hapa ni ya miaka 5, na cheo cha mhandisi wa Ufaransa pia hupatikana baada ya miaka 5, ila kule hupewa daraja la uzamili. Nchi nyingine hutoa shahada ya kwanza kwa miaka 3. Anayekwenda kusomea shahada nzima nje aulize Bodi kabla ya kuondoka. Aliye kwenye mabadilishano wasiwasi wake ni mdogo, maana shahada yake inatoka nyumbani.

Katika Erasmus, kabla tiketi haijakatwa hujazwa mkataba wa masomo: upande mmoja masomo atakayosoma kule, upande wa pili yale ya nyumbani yatakayohesabiwa kuwa ameyamaliza. Hutiwa saini tatu, ya mwanafunzi, ya chuo chake na ya chuo mwenyeji. Hata pale ambapo mpango hauna fomu kama hiyo, mwanafunzi aweza kuiandika kwenye karatasi ya kawaida akampelekea mkuu wa idara. Akijibiwa kwamba masomo yatatazamwa atakaporudi, basi saini ya pili bado haijapatikana.