Nani Mbaguzi? Kampeni za Zanzibar, 1957 hadi 1963

Wazee wa Unguja na Pemba huiita miaka ile Zama za Siasa. Tangu 1957 hadi 1963 visiwa vilipiga kura mara nne, na katika kampeni zote nne lawama ya ubaguzi haikukosekana jukwaani wala magazetini. Hizbu, yaani chama cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party), ilijinadi kuwa chama cha raia wote wa Sultani, awe Mwarabu, Mhindi, Mshirazi au Mwafrika, ikawalaumu wapinzani wake wa chama cha Afro-Shirazi kwa kupandikiza ukabila katika nchi ambayo watu wake wanaswali pamoja na kusema lugha moja. Afro-Shirazi nao wakajibu kwamba umoja huo ni pazia, na nyuma ya pazia wamekaa Waarabu wachache wanaongoja kurithi serikali ya Mwingereza. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli mkononi. Ninaloamini mimi ni kwamba nchi iliingia hatarini pale lawama ilipoacha kumshika mtu kwa alilosema au alilotenda, ikamshika kwa asili ya babu zake. Hapo mwenye kulaani ubaguzi na mwenye kubagua walikuwa wameshaanza kufanya kazi moja.

Ni lazima kwanza kukiri kwamba rangi haikuzushwa na wanasiasa. Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa 1926 liligawa viti vya wasio watumishi wa serikali kwa mataifa, Waarabu vyao, Wahindi vyao, Wazungu vyao, na Mwafrika hakukaa humo mpaka 1946. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata kabila la mtu, na mchele haukuwafikia wote sawasawa. Watu wakazoea kuidai serikali haki zao kupitia jumuiya za asili zao, Waarabu kwa yao, Waafrika kwa yao, Washirazi kwa yao. Kwa hiyo 1954, viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walipotaka uchaguzi wa daftari moja la wapiga kura bila kujali kabila, na baadhi yao wakashitakiwa kwa uchochezi kwa yaliyoandikwa katika gazeti la Al-Falaq, Waafrika wengi hawakuliona dai hilo kuwa ukombozi. Waliona kwamba wenye mashamba, elimu na vyeo wanataka mashindano ya wazi wakijua wao ndio walio tayari. Dai lenyewe lilikuwa la haki, na hofu nayo ilikuwa na sababu. Mambo hayo mawili yalipaswa kujadiliwa kama mambo ya katiba, mali na shule. Jukwaani yakageuzwa kuwa swali la nani mwenye nchi.

Katika uchaguzi wa Julai 1957, viti vilivyopigiwa kura vilikuwa sita tu. Washirika wa Afro-Shirazi walipata vitano, Hizbu haikupata hata kimoja, na Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, alimshinda Ali Muhsin Barwani, mmoja wa viongozi wa Hizbu, katika jimbo la Ng'ambo. Hizbu ilikuwa imeiweka mbele hoja ya uraia, kwamba mpiga kura sharti awe raia wa Sultani, na mahali alipozaliwa Karume pakawa neno la kampeni. Kwa maandishi hoja hiyo haikutaja rangi. Lakini aliyedaiwa uthibitisho alikuwa mtu wa bara, wala si Mmanga, yaani Mwarabu mgeni kutoka Omani, aliyeshuka jahazini mwaka ule. Gazeti la Mwongozi, lililokuwa upande wa Hizbu, liliendelea kuwachora watu wa bara kama wageni wasio na adabu na chanzo cha uhalifu mjini, huku likijivunia kuwa ndilo linalopinga ukabila. Upande wa pili, gazeti la Afrika Kwetu na wasemaji wa Afro-Shirazi waliirudia habari ya utumwa, wakawaambia wasikilizaji kwamba Hizbu ikishinda minyororo itarudi. Utumwa ulikuwa kweli, na waliokuwa na haki ya kuulilia walikuwepo. Kumtangazia muuza duka wa 1958 kwamba atawafunga watu minyororo, kwa kuwa tu ni Mwarabu, ni jambo jingine kabisa.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1958 wenye mashamba waliokuwa wafuasi wa Hizbu waliwafukuza wakulima waliokaa katika ardhi yao kwa sababu walikuwa Afro-Shirazi, nao wafuasi wa Afro-Shirazi wakasusia maduka ya Waarabu. Watu wakasusiana mpaka katika mazishi, na katika jamii ya Kiislamu hilo ni jambo zito mno. Kisha ikaja siku ya uchaguzi wa 1 Juni 1961. Ugomvi ulianzia kwenye vituo vya kura mjini, kila upande ukimtuhumu mwenzake kwa wizi wa kura, halafu fujo zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu. Wengi wao hawakuwa mabwana wa mikarafuu waliotajwa majukwaani. Walikuwa Wamanga, wenye viduka na vibanda vijijini, wageni wa juzi na maskini. Ikiwa lawama ya ubaguzi ililenga dhuluma ya ardhi na madaraka, basi panga lilimkosa mwenye kudhulumu likamwangukia asiyekuwa na ardhi wala madaraka. Sidhani kwamba lilikosea njia. Lilifika pale lilipoelekezwa na maneno, kwa sababu maneno yalikuwa yameshataja asili ya mtu peke yake.

Wapo watakaosema kosa lote ni la Mwingereza, aliyegawa ili atawale. Alichangia sana, kama nilivyoonyesha. Lakini hakuziandika yeye tahariri za Mwongozi wala hakuzitoa yeye hotuba za Afro-Shirazi, na kumbebesha mzigo wote ni kuwanyima viongozi wa visiwa akili na hiari waliyokuwa nayo. Wengine watasema rangi haikuamua lolote, kwani Washirazi wengi wa Pemba waliipigia kura ZPPP ya Muhammad Shamte, iliyojitenga na Afro-Shirazi mwishoni mwa 1959 na baadaye kuungana na Hizbu. Pingamizi hili ni zito, na mimi naona linaitia nguvu hoja yangu. Wapiga kura hawakujipanga kwa rangi kama walivyosemewa. Mpemba mwenye mikarafuu yake kumi alikuwa na sababu zake za kumwogopa mwenye siasa wa Ng'ambo, na sababu hizo zilihusu ardhi na bei. Alipoitwa kibaraka wa Waarabu, hoja yake haikujibiwa. Ilizikwa.

Pingamizi gumu zaidi ni la yule anayeuliza: mnyonge afanyeje ikiwa dhuluma yenyewe ilifuata rangi? Anyamaze ili asiitwe mbaguzi? Hapana. Angeweza, na baadhi walifanya hivyo, kutaja viti vya Baraza, mikataba ya ardhi, ada za shule na mishahara ya wachukuzi bandarini. Vyama vya wafanyakazi vilijaribu njia hiyo. Hata ndani ya Hizbu, Abdulrahman Babu alikuwa akizungumza habari za matabaka mpaka alipojitoa 1963 na kuunda chama cha Umma. Sauti hizo zilikuwa chache, na zilichelewa. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Kosa hilo la mgawanyo wa majimbo lingeweza kujadiliwa kwa hesabu, lakini wafuasi walilisoma kama ushahidi wa lile waliloambiwa kwa miaka sita. Uhuru ulikuja 10 Desemba, na mapinduzi 12 Januari 1964.

Vyama vingi viliporudi 1992, msamiati wa Zama za Siasa ulirudi navyo. Wapinzani waliitwa Hizbu na kutuhumiwa kutaka kumrudisha Sultani, na baadhi yao wakajibu kwa kuwaita wenzao wabara waliovamia nchi. Wengi wa waliokuwa wakitupiana majina hayo walikuwa hawajazaliwa 1963.